SOMO LA KILIMO: MAJI YATOKAYO SHAMBANI BILA KUONEKANA



Mwezi huu twataka kujifunza hesabu moja iwafaayo wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama, nayo ni hesabu ya maji yanayopotea shambani. Mvua inyeshapo kila mtu huiona, hata mtoto mdogo aweza kusema, "Leo imenyesha." Lakini maji yarudipo hewani hakuna ayaonaye. Mkulima huona tu ya kuwa majani ya mahindi yamejikunja saa sita mchana, na mara nyingi akiisha kuona hivyo hasara imekwisha kuingia. Basi yafaa kuijua hasara hiyo kabla haijaonekana, kama vile mwenye duka ajuavyo kwa daftari yake kwamba sukari itakwisha Jumamosi, asingoje mpaka gunia liwe tupu.

Watu wengi hudhani kazi hii ni ya wataalamu wenye vyombo vya thamani tu. Sivyo. Ajuaye kujumlisha na kuzidisha aweza kuifanya. Tena hahitaji vyombo vingi: kipimajoto kimoja chaweza kuwafaa watu wa vijiji vingi, lakini kopo la kupimia mvua hapana budi liwepo karibu na kila shamba. Sababu ya neno hili ndiyo tutakayoieleza.

1. Maji hutokaje shambani?

Maji hutoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni udongo wenyewe: jua likiupiga udongo uliolowa, maji hugeuka mvuke na kupanda juu. Njia ya pili ni mmea: mizizi hunywa maji chini, nayo hupanda katika shina mpaka majani, kisha hutoka katika vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mmea ungali mchanga, udongo ndio upotezao maji zaidi. Mmea ukiisha kufunika ardhi kwa majani yake, sehemu kubwa hupita katika majani.

Tusidhani kwamba maji yapitayo katika majani ni hasara tupu. Mmea hufungua vitundu vile ili kuvuta hewa ya kujengea mwili wake, na maji yatokayo huyapoza majani yasiungue. Mmea ukikosa maji hufunga vitundu hivyo. Hapo haukauki upesi, lakini haukui wala haujazi punje. Kwa hiyo mmea uliofunga vinywa vyake ni kama mtu aliyefunga mlango wa jiko: moshi hautoki, na ugali pia haupikwi.

Ziwa Viktoria lenyewe ni mfano mkubwa wa jambo hili. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa, wala si kwa mito. Na sehemu kubwa ya maji yatokayo hupanda kwa mvuke, wala si kwa mto Nile. Ikiwa ziwa zima hupungua hivyo bila mtu kuona, sembuse shamba la ekari moja.

2. Vitu vinne viyavutavyo maji

Nguvu ya kuvuta maji hutokana na vitu vinne: mwanga wa jua, joto la hewa, ukavu wa hewa, na upepo. Kila mama afuaye nguo anavijua, maana nguo hukauka upesi siku ya jua kali, yenye hewa kavu na upepo, na hukawia siku ya mawingu na unyevu. Shamba nalo hukauka kwa sheria ile ile.

Shida yetu ni kwamba si kila mahali pana vyombo vya kupimia vitu hivi vyote. Kituo kikubwa cha hali ya hewa huwa navyo. Kijiji cha Bunda au cha Butiama mara nyingi hakina kitu, au kina kopo la mvua tu. Je, mkulima wa huko aache kuhesabu? La, kwani wataalamu wamelifikiri jambo hili kwa miaka mingi.

3. Jinsi njia ilivyopatikana

Mwaka 1948 Howard Penman, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, alitangaza kanuni iliyounganisha vitu vile vinne. Mwaka 1965 John Monteith aliiendeleza kwa kuonyesha jinsi majani yenyewe yazuiavyo mvuke. Hapa Afrika Mashariki kazi hiyo ilishikwa mapema. Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo na misitu kilichozitumikia nchi zetu kwa pamoja. Mtaalamu J. S. G. McCulloch alitoa mwaka 1965 majedwali ya kurahisisha hesabu ya Penman, naye aliangalia pia jinsi nchi yetu ilivyoinuka juu ya bahari. Mwaka 1968 ukatolewa uchunguzi wa T. Woodhead juu ya mvuke wa maji katika Tanzania.

Hata hivyo hesabu ya Penman ilihitaji vipimo vingi. Ndipo mwaka 1985 George Hargreaves na Zohrab Samani wa Marekani walipotangaza kanuni fupi ihitajiyo kipimajoto tu. Mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lilitoa kitabu chake cha 56 cha mambo ya umwagiliaji. Humo kanuni ya Penman na Monteith imewekwa kuwa ya kwanza, na ile ya Hargreaves imekubaliwa itumike mahali palipokosa vipimo vingine. Hiyo ndiyo tutakayojifunza.

4. Hesabu ya kipimajoto

Kwanza tuelewe kwa nini kipimajoto chaweza kutuambia habari za jua. Siku isiyo na mawingu, mchana huwa na joto sana na usiku huwa na baridi, maana joto la ardhi hupanda juu bila kuzuiwa. Siku ya mawingu, mchana hupoa kidogo na usiku hubaki na uvuguvugu, kama mtu aliyejifunika blanketi. Basi tofauti kati ya joto la juu kabisa la mchana na la chini kabisa la usiku yatuonyesha kama mbingu zilikuwa wazi au zimefunikwa.

Tena nguvu ya jua ifikayo juu ya anga, kabla ya mawingu kuizuia, haihitaji kupimwa na mtu yeyote. Yajulikana kwa kalenda na kwa mahali tulipo. Musoma ni karibu digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, na Bunda na Butiama hazitofautiani nayo sana. Kwa hiyo jedwali moja latutosha sote. Nguvu hiyo, ikihesabiwa kwa milimita za maji ambazo ingeweza kugeuza mvuke kwa siku moja, ni kama hivi:

Januari 15.0, Februari 15.4, Machi 15.5, Aprili 14.9, Mei 14.0, Juni 13.4, Julai 13.6, Agosti 14.4, Septemba 15.2, Oktoba 15.4, Novemba 15.0, Desemba 14.8.

Hesabu yenyewe ina hatua tano:

(a) Pata wastani wa joto la juu kwa siku kumi, na wastani wa joto la chini kwa siku zile zile. Jumlisha hayo mawili, ugawe kwa 2.

(b) Ongeza 17.8.

(c) Toa joto la chini katika joto la juu, kisha utafute kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe yatoa tofauti ile. Kwa msaada: tofauti 7, kipeuo ni 2.65; 8 ni 2.83, 9 ni 3.00, 10 ni 3.16, 11 ni 3.32, 12 ni 3.46, 13 ni 3.61; 14 ni 3.74.

(d) Zidisha jibu la (b) kwa jibu la (c), kisha kwa namba ya mwezi katika jedwali.

(e) Zidisha kwa 0.0023. Jibu ni milimita za maji zipoteazo kwa siku katika uwanja wa majani mafupi mabichi yasiyokosa maji.

Tufanye mfano. Tuseme ni mwezi wa Agosti, na kwa siku kumi joto la juu lilikuwa kwa wastani digrii 28, na la chini digrii 17. Wastani wa hayo mawili ni 22.5. Ongeza 17.8, yawa 40.3. Tofauti ni 11, na kipeuo chake 3.32. Zidisha 40.3 kwa 3.32, yawa 133.8, zidisha kwa 14.4, yawa karibu 1,927. Zidisha kwa 0.0023, yawa 4.4. Basi uwanja wa majani ungepoteza karibu milimita 4.4 kila siku, na milimita 44 kwa siku kumi.

Hesabu hii isifanywe kwa siku moja moja, maana siku moja yaweza kudanganya. Siku kumi kwa pamoja husema kweli zaidi.

5. Kila mmea na kizidisho chake

Mimea yote si sawa na majani mafupi. Kwa hiyo jibu letu huzidishwa kwa namba nyingine, ambayo tutaiita kizidisho cha mmea. Kitabu cha FAO chatoa vizidisho hivi kwa wakati mmea umekua kamili na kufunika ardhi: mahindi 1.20, pamba 1.15 hadi 1.20, maharagwe, nyanya na viazi vitamu 1.15; vitunguu na kabichi 1.05, mtama 1.00 hadi 1.10, mihogo katika mwaka wa kwanza 0.80. Mimea ya shamba ikiwa ingali michanga, kizidisho huwa karibu 0.3 tu. Mboga changa zinyweshwazo mara kwa mara ni 0.6 au zaidi kidogo, kwa sababu udongo wake hubaki umelowa.

Turudi kwenye mfano wa Agosti, wakati wa kiangazi, ambapo wakulima wa kando ya ziwa hulima nyanya kwa kunywesha. Nyanya zilizokwisha kukua zitapoteza 4.4 mara 1.15, yaani karibu milimita 5.1 kwa siku. Sasa kumbuka neno jepesi lenye faida kubwa: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tuta lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1 lina mita 10 za mraba. Basi lahitaji lita 51 kwa siku, ndizo ndoo mbili na nusu za lita 20. Mwenye matuta manne ahitaji ndoo kumi kila siku. Mama achotaye ziwani na ajue hesabu hii kabla ya kupanda, asije akapanda matuta kumi kwa nguvu za matuta manne. Matuta manne yanywayo yakashiba huzaa kuliko kumi yaliyogawiwa kiu.

6. Kipi chaazimika, na kipi hakiazimiki?

Hapa twafikia neno kuu la somo letu. Mtu wa Butiama aweza kuuliza, "Mimi sina kipimajoto. Je, naweza kutumia joto lililopimwa Musoma?" Tumjibu kwa hesabu.

Tuseme shamba lake limeinuka mita 200 juu ya mahali palipopimwa. Kila mtu apandapo mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa mita 200 hupungua kwa digrii moja na robo hivi. Katika mfano wetu, 40.3 itakuwa 39. Ukihesabu tena utapata milimita 4.3 kwa siku badala ya 4.4. Kwa siku kumi, kosa la kuazima joto la jirani ni kama milimita moja na nusu tu.

Sasa tuitazame mvua. Katika nchi yetu mvua nyingi hutoka katika mawingu ya radi, ambayo hunyesha hapa na kupaacha pale. Mara nyingi mtu wa kijiji kimoja hurudi nyumbani amelowa, na ndugu yake ng'ambo ya kilima abaki na vumbi. Mvua moja yaweza kuleta milimita 30 katika shamba moja na kutoleta kitu katika shamba la pili. Basi aazimaye mvua ya jirani aweza kukosea kwa milimita 30 kwa siku moja, na aazimaye joto lake hukosea kwa milimita moja na nusu kwa siku kumi.

Kwa hiyo twasema hivi: jua halina haja ya kupimwa, maana kalenda yatuambia, joto laweza kuazimwa kwa jirani, bali mvua haiazimiki. Wenye fedha kidogo na wasiigawe sawasawa. Wilaya ikipata kipimajoto kimoja kizuri au viwili, yatosha kwa kazi hii. Kisha kila kijiji, tena ikiwezekana kila shamba, lipate kopo lake la mvua.

7. Daftari ya maji

Sasa tuweke hesabu zote mbili pamoja, ya kuingia na ya kutoka. Tuseme ni mwezi wa Desemba huko Bunda, na mahindi ya vuli yanatoa maua. Joto la juu ni 29, la chini ni 17. Wastani ni 23. Pamoja na 17.8 ni 40.8. Tofauti ni 12, kipeuo 3.46. Namba ya Desemba ni 14.8. Jibu ni milimita 4.8 kwa siku. Mahindi yana kizidisho 1.20, basi hupoteza karibu milimita 5.8 kwa siku, yaani 58 kwa siku kumi.

Udongo ni ghala. Udongo wa mfinyanzi, kama ule mweusi wa mbuga, waweza kuwawekea mimea milimita 120 hadi 200 za maji katika kila mita moja ya kina. Udongo wa kichanga huweka 50 hadi 110 tu. Wala mmea hauwezi kuyatoa yote kwa urahisi. Kwa mahindi tuhesabu nusu yake. Tuseme mizizi imeshuka sentimita 80. Katika mfinyanzi wenye milimita 150 kwa mita, ghala lina 120, na nusu yake ni 60. Katika mchanga wenye milimita 80 kwa mita, ghala lina 64, na nusu yake ni 32.

Wakulima watatu wanaanza siku zile kumi wakiwa na ghala zilizojaa.

Wa kwanza ana mfinyanzi, akapata mvua ya milimita 50. Ana 60, ongeza 50, toa 58: amebakiwa na 52. Yu salama.

Wa pili ana mfinyanzi, lakini mvua ilimpita kando akapata 15 tu. Ana 60, ongeza 15, toa 58: amebakiwa na 17. Mahindi yake bado mabichi, naye aweza kudhani yu sawa na wa kwanza. Lakini daftari yamwambia kwamba amebakiwa na maji ya siku tatu.

Wa tatu ana mchanga, naye alipata 15. Ana 32, ongeza 15, toa 58: amepungukiwa na 11. Mahindi yake yamekwisha kuona kiu, tena wakati wa maua, ambao ndio wakati mbaya kuliko zote kwa mahindi kukosa maji.

Hao watatu wana joto moja na jua moja. Kilichowatenganisha ni mvua na udongo. Iweni waangalifu na jambo hili pia: si mvua yote iangukayo huingia ghalani. Mvua kubwa juu ya mteremko hukimbia na kuchukua udongo. Ihesabuni ile tu iliyozama.

8. Mkulima afanye nini na hesabu hiyo?

Mtu aweza kusema, "Nikiisha kujua kwamba maji yamepungua, nitafanya nini? Siwezi kuiamuru mvua." Ni kweli, wala shamba kubwa haliwezi kunyweshwa kwa ndoo. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,047. Milimita 5.8 juu yake ni lita zaidi ya 23,000, yaani ndoo zaidi ya 1,100 kila siku. Hakuna jamaa iwezayo kuzichota. Lakini hesabu yatufaa kwa mashauri manne.

Kwanza, kuchagua zao. FAO lilionyesha mwaka 1979 kwamba maji yakipungua kwa sehemu 10 katika 100 kwa msimu mzima, mavuno ya mahindi hupungua kwa sehemu 12 na nusu, bali ya mtama kwa 9, na ya pamba kwa 8 na nusu. Mtama waweza pia kungoja: ukiona kiu husimama kukua, na mvua irudipo huendelea. Mwenye udongo wa kichanga, aliyeona katika daftari yake ya miaka miwili au mitatu kwamba Desemba humpungukia, asitie chakula chake chote katika mahindi. Agawe shamba lake, sehemu mtama, sehemu mihogo.

Pili, kupalilia mapema. Magugu nayo hunywa. Ghala la milimita 60 likinywewa na wawili, mwenye haki hapati fungu lake.

Tatu, kufunika udongo kwa majani makavu, hasa katika bustani, ili jua lisiupige udongo. Wakati mmea ungali mdogo faida yake ni kubwa, kwa sababu hapo udongo ndio upotezao zaidi.

Nne, kuzuia maji ya mvua yasikimbie, kwa kulima matuta yakatayo mteremko. Mvua iliyozuiwa ni sawa na mvua iliyoongezwa.

9. Onyo kwa wakaao kando ya ziwa

Kanuni ya kipimajoto ina udhaifu wake, na wakaao Musoma mjini na kando kando ya ziwa wanapaswa kuujua. Maji ya ziwa hutunza joto, kwa hiyo usiku wa ufukoni haupoi kama usiku wa bara. Tuseme ufukoni joto la juu ni 27 na la chini ni 20 katika mwezi wa Agosti. Tofauti ni 7 tu. Kanuni itasema milimita 3.6 kwa siku, kana kwamba kulikuwa na mawingu. Lakini yamkini mbingu zilikuwa wazi, na ziwa ndilo lililoupasha usiku joto.

Tena mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Kitabu cha FAO chaonya kwamba penye upepo wa nguvu, upitao mita 3 kwa sekunde, kanuni hii hutoa jibu dogo kuliko kweli. Na penye unyevu mwingi hewani hutoa jibu kubwa kuliko kweli. Ufukoni mambo hayo mawili hushindana. Basi huko tusiitegemee kanuni peke yake, bali tuijaribu kwa sufuria ya mvuke.

Sufuria ya kawaida ya vituo ni ya bati, kipenyo chake sentimita 120.7 na kina chake sentimita 25, nayo huwekwa juu ya mbao zilizoinuka kidogo kutoka chini. Kila asubuhi hupimwa maji yamepungua kwa milimita ngapi, na mvua iliyoingia huhesabiwa. Jibu huzidishwa kwa karibu 0.7, kwa sababu sufuria hupata joto pande zote na kupoteza zaidi kuliko uwanja wa majani. Ikipungua milimita 65 kwa siku kumi, zidisha kwa 0.7, yawa 45 na nusu. Karai ya nyumbani haiwezi kushika mahali pake. Ni ndogo, nayo hupata joto kupita kiasi. Penye kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, ni vema kuuliza vipimo vyao na kuvilinganisha na hesabu yetu.

10. Kupima kwa uaminifu

Kopo la mvua na liwe na kuta zilizosimama wima, mdomo wake sawa na tako lake. Hapo milimita za maji zaweza kupimwa kwa rula. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Lipimwe kila siku saa tatu asubuhi, kisha limwagwe. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Isiachwe wazi, maana atakayesoma hatajua kama mvua ilikosekana au mpimaji alilala.

Kipimajoto kikae kivulini, katika sanduku jeupe lililopitisha hewa, juu ya ardhi kwa mita moja na robo hivi. Kipimajoto kilichopigwa na jua chasoma joto lake chenyewe, wala si la hewa.

Mwalimu aliye na shule aweza kuwapa watoto kazi hii kwa zamu. Watajifunza hesabu kwa jambo la kweli, na wazazi wao watapata daftari ambayo baada ya miaka mitano itakuwa na thamani kuliko mashauri mengi. Daftari ya mwaka mmoja yasema habari za mwaka mmoja tu. Ya miaka mingi yaonyesha tabia ya nchi.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Maji hutoka shambani kwa njia gani mbili? Ni ipi iliyo kubwa mmea ukiwa mchanga, na ni ipi ukiisha kukua?

2. Kwa nini tofauti ya joto la mchana na la usiku yaweza kutuambia habari za mawingu?

3. Mwezi wa Aprili, joto la juu ni 27 na la chini ni 18. Uwanja wa majani utapoteza milimita ngapi kwa siku?

4. Kwa nini joto laazimika kwa jirani, na mvua haiazimiki?

5. Udongo wa shamba lako ni wa namna gani? Ukijaa, na mvua ikakoma, mahindi yaliyokua yaweza kukaa siku ngapi?

6. Wakaao ufukoni wajihadhari na nini?

Jibu la swali la 3: karibu milimita 4.1. Aliyepata jibu jingine na atazame tena hatua ya (c).